Sinema Yangu ya Stoo

Wakati wa kugawana vitu vya marehemu mama, wadogo zangu walichukua dhahabu, mimi nikaomba mkebe wa sindano. Wakanicheka. "Mkebe wa biskuti ulioshika kutu!" akasema kitinda mimba wetu. "Chukua, dada, na ile sufuria iliyotoboka chukua pia." Nikawaachia wacheke, nikautia mkebe ndani ya mkoba, nikaenda zangu.

Nilipoufungua nyumbani, harufu ya nta na uzi wa zamani ilinipanda puani, nikakaa chini palepale. Juu kabisa, imechomekwa kwenye kitambaa, ilikuwapo ile sindano iliyovunjika ncha. Nyinyi wa rika langu mliokulia mjini mnazijua sindano za kofia, nyembamba hata kidoleni hazionekani vizuri. Mwengine akiiona sindano ile ataikumbuka kofia. Mimi niliikumbuka hofu. Nasema waziwazi, maana tumeshazeeka na hapana tena wa kumwonea haya: hakuna kitu kilichowahi kunitia hofu maishani mwangu kuliko alasiri moja nilipokuwa nikitengeneza sinema, peke yangu, ndani ya stoo ya nyumba ya bibi.

Nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake baba, na mtu hakuweza kupiga chafya mle ndani akasahau ni ya nani. Bibi alikuwa mtu wa mjini hasa, wazee wake walitoka Arabuni, na alikuwa na kiti chake pale sebuleni juu alichoweza kukaa akasikia mlango wa chini, ngazi na jikoni kwa pamoja. Mama alitoka Chukwani. Chukwani si mbali, lakini kwa bibi ilikuwa shamba, na mtoto wa shamba hakuachwa akasahau. Baba alikuwa baharia katika meli ya Pemba, anakuja, anaondoka, mtu mpole wa kumsikiliza mama yake. Watoto wengine walikuwa bado hawajazaliwa. Nilikuwa mimi tu, na mama yangu alikuwa wangu peke yangu.

Na mama alikuwa na siri. Mara moja kila wiki, baada ya adhuhuri, ilikuwapo sinema ya wanawake peke yao. Haingii mwanamume hata mmoja, mabuibui yanavuliwa mle ndani, watu wanakula njugu na kulia kwa raha zao. Mama alikuwa akimwambia bibi anakwenda kumtazama Bi Shemsa, mgonjwa wa mtaa wa pili. Masikini Bi Shemsa! Aliumwa miezi na miezi, hapoi wala hafi, na bibi kwa imani yake akawa anampikia uji wa mchele na kumpa mama bakuli apeleke. Nadhani uji ule uliliwa na mama na shoga zake kwenye viti vya sinema.

Siku moja alinichukua. Sitaki kuielezea filimu yenyewe, kwani sikuifahamu hata neno. Nakumbuka tu mwanamke aliyekuwa mkubwa kuliko nyumba yetu akageuza uso polepole na kunitazama mimi. Tuliporudi tulipitia Forodhani, pale pwani, ili bibi akiuliza tupate la kusema, na njiani mama akanishika kidevu. "Sikiliza. Bibi yako akijua, mimi ntarejeshwa kwetu Chukwani, na wewe utabaki hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Usiku uleule nikauimba wimbo wa Kihindi mbele ya bibi. Haukuwa ukaidi, ulinitoka tu. Bibi akauliza, "Wimbo gani huo?" na mama, jasho linamtoka, akajibu, "Wa chuoni, Bi Mkubwa." Wimbo wa Kihindi kutoka chuo cha Kurani! Bibi alimtazama kwa muda, akaendelea kutafuna tambuu yake. Tangu siku hiyo mama hakunichukua tena, na mimi kila wiki nikawa naachwa na bibi anayekoroma, nikihesabu boriti na kuwaza: leo huenda asirudi.

Ndipo nikaamua kutengeneza sinema yangu mwenyewe. Wengi wenu mliwahi kuokota vile vipande vya filimu nyuma ya jumba la sinema, vilivyokatwa na kutupwa. Tulivibadilishana kwa maembe mabichi. Watoto wakubwa walikuwa na ufundi wao: chumba kinatiwa kiza, kioo kinalirusha jua ndani kupitia tunduni, mbele ya tundu kinawekwa kipande cha filimu, na mbele yake globu iliyoungua iliyotiwa maji, na picha inatokea ukutani. Mimi sikutaka picha za watu wengine. Nilikuwa na kipande kirefu cheusi tii, kisicho na picha yoyote, na niligundua kwamba ukikikwaruza kwa sindano weusi unatoka na panabaki mstari wa mwangaza. Kwa hivyo nikaiba sindano ya mama.

Nilikwaruza siku nyingi, nimejibanza kwenye ngazi. Nilimchora mama. Mwanamke wa buibui, pembe tatu na kichwa, anatoka mlangoni, anakwenda, anakwenda, anageuka, anarudi mpaka mlangoni. Ndiyo hadithi yote. Kila picha mguu unasogea kidogo. Ncha ya sindano ikavunjika nikaendelea na kigutu chake, na mama akawa anapekua mkebe, anapekua mkeka, anasema, "Sindano yangu imekwenda wapi jamani? Kofia ya watu hii," na mimi nimetazama pembeni.

Nilikuwa na hofu nyengine pia, kubwa kuliko ya sindano. Maalim wetu wa chuoni alitufunza kwamba mwenye kufanya sanamu za viumbe ataambiwa Siku ya Kiyama azitie roho, naye hataweza. Nilijitetea moyoni: wangu hawa ni mistari tu, hawana hata macho. Na maalim huyohuyo, siku tulipopiga kelele sana, alitwambia Siku ya Kiyama wapo watakaofufuliwa kichwa chini miguu juu, watembee hivyo mbele ya viumbe wote. Alisema kisha akaendelea na somo. Wenzangu walisahau kabla ya kutoka mlangoni. Mimi niliyachukua maneno yale nikaenda nayo nyumbani.

Basi siku ile mama alipotoka na bakuli la Bi Shemsa, nilingoja mpaka bibi alipoanza kukoroma, nikapanda stoo. Kilikuwa chumba chembamba chenye magunia ya mchele, mitungi, kitanda kilichovunjika, na dirisha moja lililotazama njia. Nilijua jambo moja tu kuhusu sinema, kwamba inataka kiza. Nikafunga dirisha, nikaziba nyufa kwa matambara, na pale mbao zilipoachana nikapigilia kaniki kuukuu ya mama, nikaikunja mara mbili. Kisha nikaitoboa tundu dogo, la kupita punje ya mtama, ili jua liingie.

Jua halikuingia. Dirisha lile lilikuwa la jua la asubuhi, na saa zile jua lilikuwa limeshavuka paa letu, linamulika njia na nyumba za mbele. Hilo nimelijua baadaye. Wakati ule nilisimama kizani na kipande changu mkononi, nimeudhika, nikageuka nyuma kutafuta globu.

Ukutani walikuwapo watu.

Walikuwa juu, karibu na boriti, na miguu yao ilikuwa juu zaidi kuliko vichwa. Walikuwa na rangi zao. Alipita mtu wa kanzu nyeupe, akafuata mwengine na baskeli, magurudumu yanazunguka juu. Nyumba ya mbele ilikuwa imepinduka na mlango wake na baraza lake, na mbingu zilikuwa chini, nyeupe, zimegusa magunia ya mchele. Nje nilisikia vikombe vya muuza kahawa vinalia, na ukutani muuza kahawa mwenyewe alikuwa ananing'inia na dele lake, na kahawa haimwagiki.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nilijikojolea, nasema kweli. Nilijua palepale ninachokiona. Nimefanya sanamu, nikafunguliwa pazia, nikaonyeshwa watu wa mtaa wetu watakavyokuwa siku ile. Muuza kahawa? Anasengenya watu. Mwenye baskeli? Alimpiga teke mbuzi wa jirani. Nilikuwa nikimtafutia kila mmoja dhambi yake, mgongo umegota kwenye kitanda kilichovunjika.

Kisha akapita mama. Nilimjua kwa bakuli lililofungwa kitambaa chekundu na kwa mwendo wake wa haraka haraka. Alikuwa kichwa chini, buibui lake jeusi, nyayo zake zinakanyaga juu kule karibu na boriti. Na hakuwa anakuja nyumbani. Mlango wetu ulikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto, na yeye alikuwa anakwenda kulia, anakwenda zake, mpaka akafika ukingoni mwa ukuta akapotea.

"Hodi!" ikaita sauti yake chini, na nyayo zake zikaanza kupanda ngazi.

Nani basi aliyekwenda, na nani huyu anayepanda? Nilitoka mbio, nikaziba masikio. Mama aliponikuta nimejikunyata nje ya mlango wa stoo, nguo imelowa, aliniwekea mkono kipajini, akasema nina homa, akanibeba. Nilimnusa shingoni. Alinuka njugu na jasho lake la siku zote, alikuwa mama yangu. Hofu haikupungua, ilizidi, kwa sababu sasa nilijua ni yeye, na nilijua yatakayompata na kwa nini. Sinema. Sinema na uwongo wa uji.

Siku zilizofuata nilikuwa mtoto mwema mpaka nikawatisha watu. Nilisali kila sala bila ya kuambiwa, nikamwombea mama kwa kila sura niliyoihifadhi, hata zile nilizozihifadhi nusu. Siku ya sinema ilipofika nikajifanya naumwa tumbo, mama akabaki, nikashukuru. Wiki iliyofuata nikaumwa jino. Katikati ya wiki mama alipotumwa dukani, nikajikaza nikaingia stoo nikatazame kama ameshasamehewa. Akapita vilevile, kichwa chini. Nyuma yake akapita mwanamke na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto yule naye kichwa chini. Nikatafuta dhambi ya mtoto yule nikaikosa. Hilo lilinitisha zaidi kuliko yote, kwani ikiwa mtoto wa mgongoni hakusalimika, mama yangu atasalimika vipi?

Wiki ya tatu sikuwa na ugonjwa mwengine wa kuumwa. Mama alivaa buibui lake sebuleni, bibi yuko kitini, bakuli la uji limefungwa kitambaa. Nikamrukia mama miguuni.

"Mama, usende!"

"Niache, mwanangu, nnachelewa. Bi Shemsa anangoja uji wake."

"Usende, mama, usende!"

"We mtoto!" bibi akaniambia. "Muache mama yako akatafute thawabu."

Neno lile la thawabu ndilo lililonivunja. "Hapati thawabu!" nikapiga kelele. "Anakwenda sinema! Atakwenda kichwa chini, mimi nimemwona!"

Mikono ya mama ilikuwa juu ya kichwa changu, nikaisikia inapoa. Hapo ndipo nilipokumbuka Chukwani.

"Mize," bibi akasema taratibu. "Weka bakuli chini."

Mama akaliweka.

"Bi Shemsa ana hali gani?"

"Hajambo, Bi Mkubwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Lahaula!" akasema bibi. "Na uji wangu wote ule." Akatazama mikono yake. "Haya. Mume wako anarudi kesho. Yeye atajua la kufanya. Chukwani njia unaijua."

Nililia mpaka buibui la mama likalowa. Nilikuwa nimemwokoa mama na moto, na papo hapo nimempoteza. Mama alipiga magoti mbele yangu na buibui lake mwilini, akanifuta makamasi kwa kiganja. "Umeniona wapi mimi nakwenda kichwa chini?"

"Stoo," nikasema.

Tulipanda sote watatu. Bibi alisema hawezi kukaa chini wakati nyumbani kwake kuna mambo, akashika fimbo yake akatufuata, anahema kila kidato. Mama akafunga mlango wa stoo nyuma yetu. Mwanzo palikuwa na kiza tu. Kisha ukuta ukaanza kuonyesha mambo yake, nyumba iliyopinduka, baraza, na mtu akapita miguu juu.

"Audhu billahi!" Bibi alinikamata mkono mpaka kucha zikaniingia. Mwanamke yule ambaye mtaa mzima ulimwogopa alikuwa anatetemeka, nilihisi mtetemeko wake kwenye mfupa wangu. Akaanza kusoma, sauti inakatika, akakosea aya ambayo hata mimi niliijua. Nikaona kwamba hata yeye haelewi, na kama bibi haelewi basi hakuna aliyebaki wa kutuokoa.

Mama peke yake hakurudi nyuma. Aliutazama ukuta, akalitazama dirisha, akaona kaniki yake. Mtu wa kushona kofia hawezi kulipita tundu bila ya kuliona. Siku nzima kazi yake ni matundu. Akalisogelea, akaweka dole gumba lake juu yake.

Watu wakatoweka. Ukuta ukawa mweusi.

Akaondoa dole, wakarudi. Akaweka, wakaondoka. "Ni tundu tu, Bi Mkubwa," akasema. "Ni njia yetu hii hii, imepinduka, hata kushoto imekuwa kulia. Si mnamsikia muuza kahawa? Yuleee." Akanigeuza mgongo nikaupa ukuta kisogo, akanishika shingoni. "Inama. Inama mpaka chini, uchungulie kati ya miguu yako."

"Mama, nitaita mgeni," nikasema, maana tulikatazwa kuinama hivyo.

"Muache aje."

Nikainama, nikachungulia. Muuza kahawa alikuwa amesimama wima barazani na dele lake, kichwa juu, miguu chini, anamimina. Mtoto mchanga wa siku ile, au mtoto mwengine, alipita mgongoni mwa mama yake, mzima, sawasawa, amelala. Nilibaki nimeinama vile mpaka damu ikanijaa usoni, sikutaka kuinuka, nisije nikawaangusha tena.

Bibi hakuweza kuinama. Alikalia gunia la mchele, anatazama. "Mize," akasema baadaye, "teremka. Upite hapo njiani nikuone."

Mama akateremka. Tulibaki mimi na bibi kizani, na nilipomwona mama anatokeza ukutani, kichwa chini tena, hofu ilinirudia yote, nikaufumbata mguu wa bibi. Mama alikwenda mpaka katikati ya njia, akasimama. Hakuweza kutuona. Akainua mkono akapunga, na mkono ule ulining'inia kuelekea chini, unatafuta.

"Usiogope," bibi akanong'ona. Hakuwahi kuninong'oneza kabla. "Yuko njiani tu. Atarudi."

Lakini hakusema kama ataruhusiwa kubaki. Mama alipopanda, bibi alijiinua kwenye gunia, akapita mbele yake, akaenda kukaa kitini. Usiku ule nilikitoa kile kigutu cha sindano mbele ya mama na bibi, nikalala nimejifunga ncha ya kanga ya mama mkononi, mafundo mawili. Kesho yake baba akaja na kapu la machungwa ya Pemba, akanirusha juu, nikashindwa kucheka.

Tulikaa kula. Mama alipakua wali, mchuzi ukamwagika kwenye mkeka. Bibi alichambua miba ya samaki wake mmoja mmoja.

"Mke wako huyu," akaanza.

"Naam, mama," baba akasema.

Nilitazama mlango. Niliwaza kama nitaweza kukimbia nyuma ya gari mpaka Chukwani.

"Mke wako huyu sindano yake ya kofia imevunjika ncha. Kamletee nyengine. Tena nzuri." Akamgeukia mama, uso wake uleule wa siku zote. "Na Bi Shemsa ameshapona. Umenisikia, Mize? Ameshapona kabisa."

"Nimesikia, Bi Mkubwa," mama akasema.

"Alhamdulillahi," akasema baba, asiyejua lolote. "Alikuwa anaumwa nini?"

Bibi akamsogezea sahani ya samaki.

Sinema mama hakwenda tena. Siku ya sinema ilipofika alikaa akashona, na shoga zake walipopita njiani wanacheka hakuinua kichwa. Bibi naye akaanza kupanda stoo kila alasiri, eti anautazama mchele kama una wadudu, na anachelewa huko, nasi tunamsikia anajisemea, "Ala! Yule naye anakwenda wapi na kapu saa hizi?" Nilimwona mama anatabasamu kidogo, kisha tabasamu linaondoka, na lilipoondoka nilijua mimi ndiye niliyemnyang'anya raha yake.

Nilitaka kumpa nyengine. Asubuhi za Ijumaa hapakuwa na chuo, na jua la asubuhi, nilishajua, lilikuwa la dirisha letu. Niliweka kioo kizingitini, globu ya maji mbele ya tundu, nikaipitisha filimu yangu. Mwanzo ikawa ukungu tupu unaoteremka. Nilivuta polepole, ukungu; nikavuta haraka, ukungu. Nikalikumbuka dole gumba la mama. Nikaziba tundu, nikavuta picha moja, nikazibua. Nikaziba, nikavuta, nikazibua. Yule mwanamke wa mistari akainua mguu. Alikuwa kichwa chini, lakini safari hii sikukimbia. Nilikigeuza kipande mkononi, juu chini, nikaanza upya. Akasimama wima ukutani, akatoka mlangoni akaenda. Nilikuwa nimejifunza: ukitaka watu wasimame sawasawa ukutani, wapindue kwanza mkononi mwako.

Nikamwita mama. Alikalia gunia la bibi, mikono mapajani, nami nikamwonyesha. Mwanamke anatoka, anakwenda, anakwenda, anageuka, anarudi. Nikarudia alivyotaka. Hakucheka. Nilipotoa kitambaa dirishani na mwangaza ukaingia, niliona macho yake mekundu.

"Ni mimi yule?"

"Ni wewe."

"Mbona nakwenda peke yangu?"

"Kwa sababu hunichukui," nikasema.

Kisha akaniomba kile kipande, akasema atanitunzia kisije kikashika moto jikoni, na kwa kuwa baadaye nilipata wadogo na kazi za nyumbani na buibui langu mwenyewe, sikukiuliza tena. Bibi alifariki na siri ya mama moyoni. Baba alifariki hajui Bi Shemsa aliumwa nini.

Juzi, baada ya kukaa chini pale na mkebe mapajani, nilitoa vibonge vya uzi kimoja kimoja. Chini kabisa, kimekunjwa ndani ya kitambaa cha kofia isiyomalizwa, kilikuwamo kipande changu cha filimu. Nilikipeleka dirishani nikakiinua kwenye jua. Yule mwanamke wangu wa buibui yupo, mistari imepinda, kazi ya mtoto mwenye kigutu cha sindano. Lakini ubavuni mwake kuna mwengine ambaye mimi sikumchora. Ni mdogo, anamfika kiunoni. Hakukwaruzwa, ametobolewa kwa vitone vidogo vidogo vilivyofuatana sawasawa, namna wanavyotoboa washonaji wa kofia, na ni kazi ya sindano nzuri, yenye ncha. Ameshika ukingo wa buibui. Nilikivuta kipande chote mbele ya jua, polepole, nikiziba kwa dole na kuzibua. Anatoka naye mlangoni, anakwenda naye, anageuka naye, anarudi naye, na hakuna hata picha moja aliyomwacha.